Rangi Nane Katika Uzi Mmoja

Mimi sitofautishi kijani na kahawia. Nyekundu nikiiona peke yake nababaika, nikiiona jirani na kijani ndiyo nimekwisha kabisa. Naliandika hili mwanzoni, tena kwa hasira kidogo, kwa sababu nimelificha zaidi ya nusu ya umri wangu, na katika kazi zote zilizopo hapa Mwanza nikaenda kuchagua ile ya kuunganisha nyuzi zinazotambulika kwa rangi tu. Ningekuwa seremala nani angejua? Lakini mimi ni fundi wa faiba, na siku mkuu wetu wa kazi atakapojua kwamba macho yangu hayaoni rangi, siku hiyo hiyo nitarudisha kofia, buti na kitambulisho.

Faiba, kwa asiyeijua, ni waya mnene kama kidole wenye nyuzi za kioo ndani yake, kila uzi mwembamba kama unywele. Kwenye mrija mmoja zinakaa nyuzi kumi na mbili, kila mmoja umepakwa rangi yake: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na ya mwisho ni bluu iliyochujuka. Orodha hiyo naijua hata uniamshe usingizini. Shida ni kwamba ukiufungua mrija, nyuzi hazikai foleni. Zinalala ovyo, zimejaa jeli, hazina namba wala maandishi. Ukiunga kijani na kahawia, mwanga wa mtu unakwenda kwa mtu mwingine, au hauendi popote.

Nilianza kuumbuka nikiwa mdogo, kwetu Bujora, na sababu ilikuwa ng'ombe. Kwetu Usukumani ng'ombe anaitwa kwa rangi yake, na mtoto anatakiwa kuzijua rangi hizo kabla hajajua kusoma. Babu alinituma nimletee yule mwekundu, nikamletea wa kahawia. Alidhani ni kiburi, nikachapwa. Nikapona, nikajifunza kuwatambua kwa pembe, kwa nundu, kwa namna wanavyotembea, na babu akawa ananisifia kwamba nimeacha ukaidi. Hapo ndipo nilipoingia kwenye ujanja, na sijatoka mpaka leo.

Nilipoomba kazi kulikuwa na fomu ya afya. Tabibu aliniuliza, "Macho yako vipi?" Nikasema mazuri, akaandika mazuri. "Rangi unaona?" Nikasema naona. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, tumepanga chumba kimoja Nyakato, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa kibarua. Niliweka saini. Nilijiambia nitapata njia, kwa sababu kwa ng'ombe nilipata.

Mwezi wa kwanza nilipangwa na dada mmoja, Mhaya wa Bukoba, mwanakwaya wa parokia, mtu anayepiga sare yake pasi hata kama tunakwenda kushinda mtaroni. Tulikuwa nyuma ya kiwanda, tumechuchumaa, akaniambia, "Kaka, nipe tepu ya kijani." Nikampa nyekundu. Aliishika, akaitazama, akanitazama. Nilikaa nikingojea kicheko. Kazini kwetu Wasukuma na Wahaya hatuachani: wao wanasema sisi tunajua ugali na ng'ombe tu, sisi tunasema wao hata salamu wanaitolea cheti. Nilijua hapo utani wa mwaka mzima umepatikana. Hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua ya kijani mwenyewe, tukaendelea na kazi.

Kesho yake, tulipofungua mrija, alikuja kukaa kushoto kwangu, akaanza kunikabidhi uzi mmoja mmoja huku akiutaja. "Bluu. Chungwa. Kijani. Kahawia." Sauti ya chini, ya mtu anayesali rozari. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Tulikwenda hivyo miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, na neno lenyewe halikuwahi kutajwa kati yetu hata siku moja.

Kilichonichekesha, kama kucheka kulikuwepo, ni kwamba mkuu wetu aliupenda mtindo huo. Aliona kazi yetu haina makosa, akawakusanya mafundi wote akawaambia waige: mmoja asome, mwingine aunge. Wenzetu walijaribu siku mbili wakaacha, wakasema wao si watoto wa chekechea. Sisi tukabaki na kusoma kwetu, na sifa zikawa zangu, kwa kuwa aliyeshika mashine ya kuungia ndiye anayeonekana.

Ila watu hawana dogo. Waliona kwamba siendi kazini bila yeye. Akiomba likizo, nami naomba. Akipata malaria, na mimi kichwa kinaanza kuniuma. Safari za Magu na Ngudu nikipangwa na mtu mwingine, nilikuwa tayari kudanganya kwamba nimefiwa. Wakasema lisemwalo lipo. Maneno yakatembea mpaka Buswelu, tulikojenga, yakamkuta mke wangu kwenye jumuiya, katikati ya sala.

"Baba watoto," aliniambia siku ile akinichotea maji ya kunawa, "huyo Mhaya wako akiumwa, wewe ndiye unayemeza dawa?"

Ningemwambiaje? Huyu mwanamke nilimsifia kitenge chake tangu siku ya kwanza, nikamwambia rangi hii imekupenda, na mpaka leo sijui kilikuwa rangi gani. Na mke wangu ana dada zake wanne, na jambo likimfikia mmoja limefika mpaka Shinyanga. Basi nikanyamaza. Afadhali nidhaniwe mzinzi kuliko nijulikane. Fikiria ujinga huo, nami niliubeba kama mtu mzima mwenye akili zake. Kila ulipofika msimu wa uhamisho, mke wangu alikuwa anaomba kwa sauti mezani kwamba Mungu amrudishe yule dada kwao, na mimi nilikuwa naitikia amina huku jasho likinitoka mgongoni.

Ndipo ikaja habari ya rangi nane.

Barabara ya kwenda Kisesa ilikuwa inachimbwa mitaro, na kila wiki buldoza lilikuwa linatukatia waya. Tuliunga, wakakata, tukaunga, mpaka katika zile nyuzi kumi na mbili ukawa mmoja tu ndio mzima mwanzo mpaka mwisho: ule wa tatu, wa kijani. Nyingine zilikuwa na viraka, mwanga unafika umechoka. Na wateja wa upande ule walikuwa wanne, kila mmoja amezoea uzi wake na akiba yake. Mkuu wetu, mzee wa watu mwenye mvi na subira, alituita ofisini akasema hatuchimbi waya mpya. Tutapitisha mianga minane ndani ya uzi mmoja, minne inakwenda, minne inarudi.

Fundi mmoja akauliza, "Shikamoo mkuu. Haitachanganyika?"

"Marahaba. Humu ndani sasa hivi zinapita redio ngapi?" mkuu akamjibu. "Zimechanganyika? Wewe ukitaka taarifa ya habari unaipata, jirani yako akitaka taarabu anaipata, na hewa ni ile ile."

Akatuonyesha kisanduku cha kuikusanya mianga upande huu, na kingine cha kuitenganisha upande ule. Kila mwanga una urefu wake wa wimbi, na kisanduku kinaujua wake na kuukataa wa mwenzake. Hakuna umeme ndani yake, ni vioo tu. Kwa kuwa urefu wa wimbi ndio rangi yenyewe, kazini tukaziita rangi: rangi ya kwanza, rangi ya pili, mpaka ya nane. Nilikaa nyuma kabisa. Nilisema moyoni, haya, zamani zilikuwa rangi nje ya uzi, sasa zimeingia na ndani, nitakimbilia wapi?

Nikanyoosha mkono. "Mkuu, zinaonekana?"

"Hakuna jicho la binadamu linaloziona. Kwa mianga hii wote humu mmezaliwa vipofu. Mtasoma namba."

Nilitaka kumkumbatia yule mzee. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za ng'ombe wa babu, kulikuwa na rangi ambayo mimi na watu wengine tulikuwa sawa mbele yake. Nilisoma namba hizo kama sijawahi kusoma kitu. Elfu moja mia nne sabini, mia nne tisini, mia tano kumi, unaongeza ishirini ishirini mpaka unafika mwisho. Vile vifaa vidogo vya kuwashia mwanga vilikuwa na vishikio vya plastiki vya rangi, na wenzangu walivifuata vishikio hivyo bila kusoma, wakavichanganya. Mimi nilisoma namba iliyochapwa ubavuni, kwa kuwa vishikio havikunisaidia kitu. Sikukosea hata kimoja. Ndani ya mwezi mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha, na mkuu akaniteua kuwa kiongozi wa kazi yote. Nilijiona mtu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, akanitazama akaniuliza kama na yule dada amepandishwa.

Sikufikiria mbele. Kiongozi ndiye anayeunga kiungo kikuu kwa mkono wake, anaweka saini yake, na msaidizi wake anakaa upande wa mitambo kupima mwanga. Msaidizi alikuwa yule dada. Maana yake siku ya kuunga mimi ningekuwa kwenye chemba ya barabarani, lile shimo la zege la viungo vya waya, kuelekea Kisesa, na yeye kwenye kibanda cha mitambo Buswelu, kilomita tano kati yetu. Tena makosa ya zamani yalikuwa ya mtu mmoja mmoja: ukikosea uzi, mteja mmoja anapiga simu kulalamika, unarekebisha kimyakimya. Sasa wateja wanne walikuwa wamewekwa ndani ya unywele mmoja. Nikikosea uzi huo wanazimika wote kwa pamoja, na karatasi ina jina langu.

Tulipanga bila kupanga. Wiki moja kabla dada alikuja chembani, akanisomea nyuzi za waya mfupi unaokwenda kwenye kisanduku cha upande wa Kisesa, ambazo zilikuwa bado hazina mwanga, nikaufunga ule wa kijani kwa kipande cha tepu. Za upande wa Buswelu zilikuwa bado zinafanya kazi, hazigusiki mpaka siku yenyewe. Akasema tu, "Siku hiyo nipigie simu ya video, nione kazi inavyokwenda." Nikasema sawa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunazungumza.

Siku yenyewe tulipewa muda wa saa mbili wa kuzima mtandao, asubuhi, wateja wote wameshaarifiwa. Nilikuwa na dereva wetu, mtu mzuri lakini mdomo wake hauna mlango. Nikaingia chembani, nikafungua kiungo, nikaukata mrija, nikazifuta nyuzi jeli, nikazitandaza kwenye trei. Halafu nikatoa simu nimpigie. Hakuna mtandao. Nikabadilisha laini. Hakuna. Nikainua macho, nikauona mnara wa simu pale kilimani, ukanijia ukweli wote kwa mara moja: mteja wa kwanza katika wale wanne ni mnara ule, na uzi wake nimetoka kuukata kwa mkono wangu. Mimi kiongozi, niliyechora ramani yote mwenyewe, nilisahau kwamba simu yangu inapita humo humo.

Nilikaa chini ndani ya ile chemba. Ina upana wa kutosha mtu mmoja na magoti yake. Juu naona kipande cha mbingu na viatu vya dereva. Kwenye trei kuna nyuzi kumi na mbili, na kati yake mbili zinafanana kama mapacha, na mwingine ni ndugu yao. Niliziinua, nikaziweka kwenye jua, nikaziweka kivulini. Ni zile zile. Ningeweza kumwambia dereva, njoo, nitajie upi wa kijani. Sekunde tatu tu. Lakini jioni ingekuwa stori ya kijiwe, na asubuhi mkuu angekuwa ameshaipata. Ningeweza kumtuma Buswelu amlete yule dada. Angeuliza kwa nini.

"Kiongozi, vipi huko?" dereva akaniinamia.

"Nasafisha."

Nilisafisha uzi mmoja mara sita. Sitasema nilikuwa na ujasiri. Niliogopa. Niliwaza ada za shule, nikawaza tabibu na ile fomu, nikawaza mke wangu akisimama mlangoni akiniona narudi saa nne asubuhi. Nikachagua mmoja. Nikauingiza kwenye mashine ya kuungia. Nikautoa. Nikachagua mwingine.

Basi uzi mmoja kwenye trei ukawaka nchani. Kitone kidogo cha mwanga, hafifu, nikadhani ni jua. Kikazima. Kikawaka tena, kikazima, kikawaka. Nikaziba jua kwa kofia yangu, nikakiona vizuri kimetulia juu ya kidole changu. Ilikuwa ile tochi nyekundu ya kutafutia mahali waya ulipokatika. Kule Buswelu mtu alikuwa ameichomeka kwenye uzi wa tatu na alikuwa anabonyeza, anaachia, anabonyeza. Amenipigia, ameambiwa sipatikani, amejua. Kama mwanga ule ni mwekundu kwa watu wengine mimi sijui. Niliona unang'aa, na huo ndio uliokuwa uzi wangu. Nilianza kulia humo chembani, kimya, na huku naunga.

Saa moja baadaye nilifika Buswelu. Taa za mitambo zilikuwa zimewaka zote nane, wateja wanne wako hewani, hakuna aliyelalamika. Dada alikuwa anaandika vipimo kwenye daftari, sare imenyooka. Mkuu naye alikuwepo, alikuja kushuhudia. Akanishika mkono, akanivuta nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Huyu mwenzio nilimuuliza kwa nini anamulika uzi wakati wewe rangi unazijua," akasema. "Akaniambia ndio utaratibu wenu. Nimeupenda. Sasa nisaidie jambo moja. Bukoba wanamtaka akawe kiongozi kule. Barua ya kwanza akakataa, ya pili akakataa, ya tatu akakataa. Mama yake mgonjwa wa miguu, yuko peke yake, majirani ndio wanaomtekea maji. Mimi simwelewi. Ya nne iko mezani kwake, jibu ni Jumatatu, na sidhani kama kutakuwa na ya tano. Wewe anakusikiliza. Mshawishi."

Nilisema, "Sawa, mkuu."

Nilimkuta anafunga mkoba. Nikafunga mlango wa kibanda, nikasema, "Dada, mara tatu?"

Akaendelea kukunja waya wa tochi. "Mkuu ana maneno mengi."

"Kwa sababu yangu?"

"Ulitaka nimwachie nani akusomee?" Akasema hivyo kwa hasira, na hiyo hasira sikuwahi kuisikia. "Kaka, mara ya kwanza nilisema mwaka mmoja tu, atajipanga. Mara ya pili mkeo alikuwa amejifungua. Mara ya tatu mama akaniambia kwa simu, mwanangu, hivi huko una mume wa mtu? Mama yangu. Na mimi sikumjibu, maana ningemjibu ningekutaja."

Nikakaa kwenye kiti cha mitambo. Muda wote ule nilidhani niliyefungiwa ni mimi.

Akavuta pumzi, akashusha sauti. "Mwambie mkuu. Sasa hivi kuna kazi ya namba, na hakuna anayekushinda. Atakuweka ndani, kwenye mitambo, nyuzi aziunge mtu mwingine. Mficha uchi hazai. Mwambie kabla ya Jumatatu, na mimi niandike ndiyo."

"Na ile fomu niliyoisaini?"

"Hiyo sijui. Huenda akakasirika. Lakini mimi nataka kwenda kwetu, kaka."

Nilimwahidi. Nilimwangalia usoni nikasema kabla ya Jumatatu nitakuwa nimemwambia. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nikapita mbele ya mlango wa mkuu mara tatu, mara zote alikuwa na wageni, au ndivyo nilivyojiambia. Ijumaa mchana nikaamua nianze na nyumbani. Nilimkalisha mke wangu uani, nikamwambia yote, tangu ng'ombe wa babu mpaka ile tochi. Halafu akaingia ndani akarudi na lundo la nguo, akaanza kuninyooshea moja moja. "Hii?" Nikasema kahawia. "Hii?" Nikasema nayo kahawia, au kijani. Akacheka mpaka akakaa chini, akacheka machozi yakamtoka, kisha nikaona yale machozi si ya kucheka tena. "Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote hii nalala nimegeukia ukuta, kumbe ni rangi." Akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu sana. Nikajihisi mwepesi. Nikamwambia kesho au Jumatatu asubuhi naenda kwa mkuu, yule dada apate kwenda zake Bukoba.

Mkono wake ukasimama juu ya kichwa changu.

"Aende wapi?" akasema. "Ngoja kwanza. Ulidanganya kwenye fomu. Wakitaka kukufukuza hawatafuti sababu nyingine. Umeshapanda cheo. Watoto watatu wako shule. Hapana, baba watoto. Usiseme kitu kwa mtu yeyote. Niachie mimi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwanamke aliyeomba miaka yote yule dada aondoke, Jumamosi aliamkia Soko la Kirumba. Akanunua sato wakubwa wawili, akanunua ndizi za kupika, akazunguka kutafuta senene, wale panzi wa kukaanga, mpaka akawapata, maana alisikia kwamba Mhaya kwa senene hana ujanja. Akampigia simu mwenyewe, kwa namba aliyokuwa amewahi kuichukua kwenye simu yangu kwa nia nyingine kabisa. "Wifi," nikamsikia anasema, "Jumapili ukitoka kanisani usipike. Njoo kwa kaka yako." Wifi. Kwa neno hilo moja alikuwa amemfanya dada yangu wa damu, na dada wa damu hamwachi kaka yake ateseke.

Alikuja na gauni la kanisani na mkate wa zawadi. Watoto wakamwamkia, shikamoo shangazi, walikuwa wameshafundishwa. Mke wangu alimkalisha kwenye kochi langu, akamnawisha mikono mwenyewe, akampakulia ndizi mpaka sahani ikajaa, senene wakaja kwenye kibakuli chao peke yao. Hakutaja rangi, hakutaja barua. Alisema tu kwamba nyumba hii ni yake, kwamba watoto hawa wanahitaji shangazi karibu, kwamba mama mlete huku Buswelu, hewa nzuri, tutamtunza sote.

"Mama hawezi kuiacha migomba yake," dada akasema taratibu.

"Atazoea, wifi. Wazee huzoea. Kula, mbona huli?"

Ndipo dada alipoelewa. Nilimwona akielewa. Aliweka mkono wake kando ya sahani, akamtazama mke wangu, akawatazama watoto wangu watatu waliokaa kwenye mkeka, halafu akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza swali moja kwa macho, na mke wangu aliacha kupakua kungoja jibu, na chumba kizima hakikuwa na mwingine wa kulitoa ila mimi.

Nikachukua bakuli la mchuzi nikamsogezea. Nikasema, "Ongeza, dada. Usile ndizi kavu."

Akaongeza. Akala akamaliza, akamshukuru mke wangu kwa heshima zote za kwao.

Jumatatu saa mbili asubuhi aliandika barua ya kukataa, kwa mkono, kwenye meza iliyo mbele ya yangu, akamkabidhi mkuu. Saa tatu tulikuwa mtaroni Nyakato. Alikaa kushoto kwangu, akafuta uzi wa kwanza jeli, akanipa. "Bluu," akasema.